Paneli ya ishara za reli ya kutengeneza nyumbani: akili ikae wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme kijana, naishi Morogoro. Kwa miaka miwili nimekuwa nikicheza SimSig, ile programu ya Uingereza ya kuongoza treni kwenye kompyuta, na sasa nimechoka kubofya kwa kipanya. Nataka paneli ya kweli ya mezani, yenye vitufe na taa, iendeshwe na programu. Nimeambiwa nitahitaji Arduino Mega nne, zile bodi ndogo za kielektroniki zinazoandikiwa msimbo. Je, ni kweli? Sheria za usalama niziandike ndani ya Arduino au ndani ya kompyuta? Na naweza kuiunganisha na SimSig moja kwa moja?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na swali lako la katikati, maana ndilo litakaloamua kama paneli hiyo utaitumia miaka kumi au utaipandisha juu ya kabati baada ya mwezi. Sheria za usalama ziweke kwenye kompyuta, zote. Paneli isijue lolote kuhusu treni. Kazi yake iwe kupeleka habari kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na kuwasha taa ambayo kompyuta imesema iwashwe. Kitufe ni ombi, taa ni taarifa, na kati ya hivyo viwili pasiwe na njia ya mkato, iwe ya waya au ya msimbo.

Nakwambia haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea hapo. Kwenye paneli yangu ya kwanza nilitaka taa zijibu upesi, basi nikaandika ndani ya Arduino kwamba vitufe viwili vya njia, cha mwanzo na cha mwisho, vikibonyezwa, taa nyeupe za njia iliyopangwa ziwake papo hapo, kisha ndipo kompyuta ipewe habari. Ilipendeza sana. Jioni moja nilikuwa namfundisha binti yangu kupokea treni. Waya wa USB ulikuwa umelegea nyuma ya meza na hatukujua. Kwenye kompyuta treni ilikuwa imekwisha kuingia njia ya pili. Kwenye paneli hapakuwa na taa nyekundu ya kuonyesha treni hata moja. Akabonyeza, mstari mweupe ukawaka vizuri mpaka njia hiyohiyo ya pili, akaniambia, "Baba, njia iko tayari." Nilipogeuka kutazama skrini nikaona treni imesimama pale pale alipokuwa anaipeleka nyingine. Treni zote mbili zilikuwa za programu tu, lakini usingizi haukunijia. Nilikuwa nimejenga kitu kinachosema uongo kwa taa nzuri. Usiku uleule nilifuta msimbo wote.

Dawa ya tatizo hilo ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani kwetu. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya sakiti ya reli. Kipande cha reli kinatengwa na vingine. Betri inawekwa mwisho mmoja, rilei (swichi inayovutwa kwa umeme) mwisho wa pili. Umeme ukipita kwenye reli zote mbili, rilei inabaki imevutwa, maana yake kipande ni kitupu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinaunganisha reli hizo mbili, umeme unaishia hapo, rilei inaanguka, na kipande kinahesabiwa kina treni. Sasa angalia jambo lenyewe: betri ikifa, rilei inaanguka. Waya ukikatika, inaanguka. Yaani kimya kinahesabiwa kuwa hatari, na njia haiitwi tupu mpaka kuwe na kitu kinachoendelea kuthibitisha kwamba ni tupu.

Ulete mawazo hayo kwenye USB yako. Kompyuta itume ujumbe mfupi kila sekunde, hata kama hakuna kilichobadilika, kama mapigo ya moyo. Paneli ikikaa sekunde tatu bila kuyasikia, izime taa zote na iwashe moja tu ya onyo, imulike na kuzima. Mawasiliano yakirudi, paneli isiendelee ilipoachia. Iombe hali yote upya, taa kwa taa. Paneli iliyozimika inamwambia mtu ukweli kwamba haijui. Ile iliyoganda na picha ya dakika tano zilizopita ndiyo inayomponza.

Sasa hizo Mega nne. Hapana, huzihitaji, ila inategemea unaanza na nini. Najua unavutwa na stesheni kubwa. Tabora, pale reli ya kati inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, ingependeza mno ukutani. Usianze nayo. Anza na kituo kidogo cha kupishana kwenye njia moja: reli kuu, reli ya pili ya kupishania, pointi moja kila mwisho. Pointi namaanisha vile vipande vya reli vinavyosogea kuigeuza treni. Tukiite kituo cha kubuni, upande mmoja Dar, upande wa pili Morogoro. Na nikuambie mapema kwamba unachojenga ni kizazi cha nyuma ya kile unachokiona kwenu: SGR ya Tanzania inatumia ETCS daraja la 2, mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni, ambamo dereva anapokea ruhusa ya kwenda kwa redio na kuisoma kwenye skrini ndani ya kabini. Lakini maswali yanayoulizwa kabla ruhusa hiyo haijatolewa ni yaleyale utakayoyaandika wewe.

Chora kituo hicho kwenye karatasi. Utapata vipande sita vya reli: njia ya kuingilia kutoka Dar, kipande chenye pointi A, reli kuu, reli ya pili, kipande chenye pointi B, na njia ya kuingilia kutoka Morogoro. Ishara ni sita. Namba 1 inalinda kuingia kutoka Dar, namba 2 kutoka Morogoro. Namba 3 na 5 zinatoa treni kwenda Morogoro kutoka reli kuu na reli ya pili. Namba 4 na 6 zinatoa kwenda Dar. Namba za witiri ni za upande mmoja, za shufwa ni za upande wa pili, na zoea hilo litakusaidia hata kwenye stesheni ya ishara mia.

Hesabu taa. Ukiweka nukta tatu kwenye kila njia ya kuingilia, tatu kwenye kila kipande cha pointi (shina na matawi mawili) na nne kwenye kila reli ya kituoni, ni nukta 20. Kila nukta iwe na nyeupe kwa njia iliyopangwa na nyekundu kwa treni iliyopo: taa 40. Ishara sita, kila moja nyekundu na kijani: 12. Pointi mbili, kila moja na taa ya mkao wa kawaida na ya mkao wa kugeuza: 4. Vitufe sita vya kuanzia njia, kila kimoja na taa yake ya kumulika: 6. Jumla 62. Chipu moja ya MAX7219 inaendesha taa 64. Zinabaki mbili: moja ya kuonyesha mapigo ya moyo, moja ya onyo. Nilipopata hesabu hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeokota funguo zake.

Miguu ya Arduino nayo ihesabu. Uno, ile Arduino ndogo ya kawaida, ina miguu 20 ya kuingiza na kutoa. Miwili inatumiwa na mawasiliano ya USB, mitatu na MAX7219. Vitufe vya mwanzo na mwisho wa njia ni vinane: sita kwenye ishara, na viwili vya mwisho, D na M, kwenye njia za kutokea. Swichi za pointi ni mbili, za mikao mitatu, kila moja inakula miguu miwili. Kitufe kimoja cha kufuta. Jumla 18. Uno moja inatosha, na miguu miwili inabaki. Hizo Mega waachie wanaojenga ukuta mzima.

Kuhusu ufundi wenyewe wewe ni fundi, kwa hiyo nitagusa pale tu panapochoma watu. Tumia LED za rangi mbili zenye katodi ya pamoja (mguu hasi mmoja kwa rangi zote mbili), kwa kuwa ndivyo MAX7219 inavyotaka. Karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu weka kapasita mbili, ya maikrofaradi 10 na ya 0.1, ukiziacha, taa zitachezacheza na utatafuta kosa kwenye msimbo wiki nzima. Mwanga uushushe kwa programu, una ngazi 16, maana paneli inayowaka kama duka la simu inachosha macho kabla ya saa moja kwisha. Vitufe vinadunda vinapobonyezwa: mguso mmoja unaweza kusomwa kama mitano. Subiri milisekunde 20 kabla ya kukubali. Uso wa paneli uchapishe kwa ukubwa wake halisi, upitishe laminesheni, ubandike juu ya plaiwudi, kisha utoboe kwa keekee ndogo kutoka mbele kwenda nyuma, na kipande cha ubao kimekandamizwa kwa nyuma ili plaiwudi isichanike. Kila kipande cha reli kipe rangi yake kwenye mchoro, kama paneli za Uingereza zinavyofanya, ili mwendeshaji aone kinapoanzia na kinapoishia hata taa zikiwa zimezima.

Mtindo wa kubonyeza mwanzo wa njia kisha mwisho wake, ambao umeuzoea kwenye SimSig, una umri: ulianza kazi mwaka 1937 huko Brunswick, Liverpool, na mwaka huohuo Girard Junction, jimbo la Ohio, Marekani. Kwenye paneli halisi za Uingereza unafuta njia kwa kukivuta kitufe cha mwanzo. Vitufe vya kuvuta ni vigumu kupata madukani kwetu, ndiyo maana nimekuwekea kitufe kimoja cha kufuta: kishike, huku unabonyeza kitufe cha mwanzo wa njia.

Tufike kwenye intaloki, ule mfumo unaozifunga pointi na ishara zisipingane. Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, na ukae na kalamu, kompyuta ikiwa imezimwa. Kituo chako kina njia nane tu: 1 kwenda 3, 1 kwenda 5, 2 kwenda 4, 2 kwenda 6, 3 na 5 kwenda M, 4 na 6 kwenda D. Chora jedwali lenye mistari minane, na kwa kila njia jibu maswali matatu: pointi gani ziwe wapi, vipande gani viwe vitupu, na njia zipi nyingine ziwe hazijapangwa.

Chukua 1 kwenda 3, treni inayotoka Dar kuingia reli kuu. Pointi A iwe mkao wa kawaida, na iwe imethibitika imefika, haitoshi kwamba imeamriwa. Kipande cha pointi A na reli kuu viwe vitupu. Njia ya 2 kwenda 4 isiwe imepangwa, kwani hizo ni treni mbili zinazotazamana uso kwa uso kwenye reli moja. Njia za 4 na 6 kwenda D zisiwe zimepangwa, kwa kuwa zinapita pointi ileile kwa kuelekea kinyume. Hapo wengi wanaweka kalamu chini.

Je, 2 kwenda 6? Treni ya Dar inaingia reli kuu, ya Morogoro inaingia reli ya pili, kila moja na reli yake. Kwenye karatasi hazigusani. Lakini fikiria treni ya Dar imeshindwa kusimama kwenye ishara namba 3 na kuteleza. Inaingia kwenye pointi B, palepale treni ya Morogoro inapopita. Kwa sababu hiyo Waingereza huacha nafasi ya kuteleza mbele ya ishara, kwa kawaida mita 180, na nafasi hiyo nayo lazima iwe tupu. Kituo chako hakina mita hizo kati ya ishara 3 na pointi B. Kwa hiyo mimi ningezuia treni mbili zisipokelewe kwa wakati mmoja. Ukikubali hoja hiyo, jiulize pia kuhusu 5 kwenda M wakati treni inaingia kwa 1 kwenda 3. Sikupi jibu, kwa kuwa kulitafuta ndiko kutakufundisha intaloki kuliko barua yangu. Njia nane zinatoa jozi 28. Pitia kila jozi uiamue kwa maandishi.

Kuna mambo mengine mawili yanayosahaulika. Njia ikishapangwa, pointi zake zisifunguke mpaka treni ipite kwa mpangilio: iguse kipande cha pointi, iguse reli ya mbele yake, kisha iachie kipande cha pointi. Kipande kikiwaka na kuzima peke yake bila kile cha mbele kuwaka, hiyo huenda ni hitilafu, usiihesabu kama treni. La pili, ukifuta njia wakati treni imekwisha kukaribia, ishara irudi nyekundu mara moja, lakini pointi zibaki zimefungwa kwa dakika mbili, kwa kuwa dereva aliyeona kijani huenda hawezi tena kusimama. Na uzipe pointi za programu yako sekunde nne au tano za kusogea, taa zake zote mbili zikiwa zimezima hapo katikati. Ukisubiri taa hiyo kabla ya kufungua ishara, utahisi uko kwenye kibanda cha ishara kweli.

Haya yote yaandike kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mawasiliano yawe maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa ujumbe mmoja, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde: paneli inatuma "B1" kitufe cha kwanza kikibonyezwa, kompyuta inajibu "L17 1" kuwasha taa ya 17. Maandishi utayasoma kwa macho yako siku mambo yakiharibika, na yataharibika. Treni za kuanzia ziwe kipima muda tu kinachohamisha alama kutoka kipande hadi kipande. Kama hutaki kuandika intaloki mwenyewe, JMRI ni programu ya bure ya wapenzi wa reli ndogo, nayo inajua kupanga njia kwa mwanzo na mwisho. Treni utazisogeza kwa hati fupi zinazobadilisha hali ya vipande. Lakini kwa kituo cha njia nane, andika yako.

Kabla hujashika pasi ya kulehemu, nikusimulie habari moja ya kweli. Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na Clapham Junction, London, treni iliigonga nyingine kwa nyuma, na watu 35 wakafa. Wiki mbili kabla, fundi alikuwa akibadilisha nyaya kwenye chumba cha rilei. Waya mmoja wa zamani aliuachia upande mmoja tu. Hakuukata, wala hakuuzungushia tepu. Siku moja kabla ya ajali kulikuwa na kazi nyingine hapohapo, waya ule ukasukumwa, ukagusa mahali pake pa zamani. Ukapeleka umeme kwenye rilei iliyopaswa kuanguka. Treni ikawa imesimama mbele, na ishara nyuma yake haikuwa nyekundu. Uchunguzi ulikuta fundi yule alikuwa amefanya kazi siku saba kwa wiki kwa majuma 13, na hakuna mtu aliyehesabu nyaya baada yake.

Paneli yako haitaua mtu. Lakini mikono yako inajifunza tabia, na wewe ni fundi umeme, kesho utashika nyaya za nyumba za watu. Kila waya uandike namba kwenye ncha zote mbili. Waya usiotumika uutoe wote, usiuache unaning'inia. Ukibadilisha kitu, badilisha na mchoro siku hiyohiyo. Na ukichoka, lala.

Ukimaliza kuunganisha, usianze kucheza. Jaribu kila jozi ya vitufe, cha kwanza na cha pili, pamoja na kitufe chenyewe mara mbili: vitufe vinane kwa vinane ni majaribio 64. Manane yanapaswa kupanga njia. Hamsini na sita yanapaswa kukataliwa, na hayo ndiyo yaliyobeba uzito. Weka alama ya kalamu kwa kila moja. Kisha chomoa USB katikati ya treni inayopita na uhesabu sekunde tatu.

Na SimSig? Inawezekana. Ina mlango wake wa kutoa habari unaozungumza STOMP, utaratibu wa programu kutumiana ujumbe, na ujumbe wenyewe ni JSON, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu. Programu nyingine inajiunga hapo na kupokea mabadiliko ya vipande, pointi na ishara yanapotokea. Lakini maeneo yake ni ya huko, kituo chako cha kubuni hakimo, kwa hiyo chagua kipande kidogo cha eneo unalolijua vizuri na ukichoree uso wake. Intaloki yako ya Python utaiweka kando, maana SimSig ina ya kwake. Kinachobaki katikati ni mkalimani: programu fupi inayosoma ujumbe wa SimSig, inaangalia kwenye faili kipande hicho ni taa ya ngapi, na kutuma "L17 1" kwa Arduino ileile. Kwa kuwa uliiacha paneli bila kujua lolote kuhusu treni, hutagusa hata mstari mmoja wa msimbo ulio ndani yake.